Blanketi la Mama na Uzi wa Wifi

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba niongee kwa kifupi, lakini ananijua, ndiyo maana ameshatafuta kiti akakaa.

Kwa kuwa leo jumuiya imekutania nyumbani kwetu hapa Ngokolo, wote mmeliona lile blanketi pale mezani, na nimewaona mnavyolitazama. Limekatika katikati. Ni vipande viwili, na kila kipande kimepitishwa kamba ya nailoni ukingoni ili kisiendelee kufumuka. Wakati wa sala nimemsikia mama mmoja akinong'ona, "Panya hao." Si panya, mama yangu. Ni mimi.

Majina sitaji. Ila wahusika wawili wamekaa humu humu ndani, mmoja kwenye mkeka na mwingine mlangoni, na watakaojijua nawaomba wasikohoe ovyo. Na mnaojiuliza kwa nini nimevaa sweta la rangi ya chungwa jua likiwa bado kali hivi, vumilieni. Nalo nitalifikia.

Nianze na mama. Mama yangu anafuma, na hilo hapa mtaani halihitaji shahidi, maana wengi wenu watoto wenu walibatizwa wakiwa na kofia zake. Lakini hanunui uzi mpya. Anakwenda mnadani, anapekua mitumba, anatafuta sweta la sufu lililotoboka, analileta nyumbani na kulifumua lote. Uzi ukishafumuliwa huwa umejikunja kama nywele zilizosukwa jana. Anauzungusha kwenye mgongo wa kiti, anauosha kwa maji ya vuguvugu, kisha anauning'iniza kwenye kamba akiwa amefunga jiwe chini yake ili mikunjo inyooke. Nikiwa mdogo nilidhani kila nyumba ina mawe yanayoning'inia uani.

Sindano zake alitengenezewa na marehemu baba. Baba alikuwa fundi baiskeli, na mjini kwetu hapa fundi baiskeli hakosi kazi. Alichukua spoku za baiskeli kubwa ya mizigo, akazinoa ncha kwenye jiwe, na upande wa pili akazivika vipande vya raba ya tairi ili vitanzi visidondoke. Spoku ni fupi, ndiyo maana mnaona blanketi lile ni jembamba na refu. Ni la kufunika magoti ya mtu aliyeketi.

Sasa blanketi hilo lina sheria. Mama hafumi ndani yake uzi wa mnadani. Anafuma uzi wa watu wa nyumba hii peke yake. Mtu akivaa sweta mpaka limbane, au mpaka viwiko vitoboke, mama analifumua, na uzi wake unaingia kwenye blanketi, kipande chenye upana wa kiganja. Bluu kule chini ni ya kaka yangu, sweta lake la shule. Inayofuata, ile ya kahawia, ni ya baba, sweta alilokuwa akivaa kibandani kwake asubuhi za baridi. Kisha kijani. Kisha njano, ya watoto wa kaka.

Yangu haimo.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala hatukuwa na shida kubwa kuliko wengine. Miguu tu. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliifungua redio ya baba nione anayesemea ndani amekaaje, na redio haikusema tena. Niliona lori la pamba likipita, nikataka kujua linakwenda wapi, nikalifuata mpaka Kagongwa. Kagongwa nikakuta magunia ya mchele, nikauliza nayo yanakwenda wapi. Mtu akaniambia mchele huu wanaula machimboni, upande wa Geita, watu wanaolala juu ya dhahabu. Nani angenizuia hapo?

Niliondoka na sweta langu jekundu, alilonifumia mama nikiwa darasa la tano. Halikuwa limenibana bado.

Huko nimezunguka. Katoro nimekaa, Nyarugusu nimekaa, na sehemu nyingine zilizokuwa pori mwezi huu na mwezi unaofuata zina baa tatu. Nimepika ugali wa kuuza, nimeponda mawe kwa nyundo, nimebeba viroba vya mawe kutoka mdomoni mwa duara, lile shimo la kuchimbia, mpaka kwenye karasha la kusagia. Niliuliza kila mtu kila kitu, mpaka wachimbaji wakaniita Mwandishi, na mimi kuandika kwenyewe ni kwa shida. Nilijua jiwe lipi lina kitu na lipi ni jiwe tu. Kujua nilijua. Kupata ni habari nyingine.

Sweta langu nililifanya ngata. Nililizungusha, nikaliweka kichwani chini ya kiroba. Halafu mvua moja ikatufungia hemani siku nzima, hakuna kazi, na mimi bila kazi ni hatari. Nikaliangalia lile sweta, nikajiuliza, hivi mama alianzia wapi? Nikatafuta mwanzo. Nikavuta. Kufikia jioni nilikuwa na lundo la uzi mwekundu mapajani na sikujua hata kitanzi kimoja kinarudishwaje. Nikautumia kufungia viroba. Huo ndio mwisho wa sweta langu, likaenda na mawe ya watu kwenye karasha.

Baba alifariki nikiwa huko. Kaka alinipigia, simu haikushika mtandao. Nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshaota majani. Nililia, nikakaa kidogo, nikaondoka tena. Kumbe nilipoondoka kuna mtu aliingia.

Nimefika kwa wifi.

Wifi yangu ni Msumbwa wa Bukombe, mtu mpole, mtu wa kanisani, anayekunja nguo hata ambazo hajaambiwa azikunje. Kaka alimwoa nikiwa machimboni. Alikuja hapa na sweta lake la kijani alilotoka nalo kwao, na viwiko vyake vilipotoboka mama alifanya alivyowafanyia wanawe. Alilifumua. Akauweka uzi wa kijani juu ya uzi wa baba, unagusana nao.

Mimi hayo sikuyajua mpaka bega langu lilipoachia. Nilikuwa nimeinua kiroba, nikasikia kitu kinakatika humu, mkono ukashuka ukawa kama wa kuazima. Wanawake tuliokuwa tukipika nao walinipakia kwenye gari, wakaniwekea na mihogo ya kuchemsha njiani. Nikafika hapa mlangoni na mfuko mmoja, na mtu aliyenifungulia mlango ni wifi.

"Karibu, wifi," akaniambia. "Karibu kwetu."

Mnasikia? Kwetu. Nyumba ambayo mimi nilizaliwa humo, chumba kile pale. Nikamjibu, "Asante, mgeni." Akacheka, akadhani natania.

Ndugu zangu, msimwamini mtu anayewaambia wivu ni moto. Moto unaonekana. Wivu wangu ulikuwa kama mchanga kwenye ugali, unakula, unatabasamu, na kila tonge unasaga meno. Jioni mama alikuwa akikaa uani kwenye kigoda, miguu imefunikwa na blanketi, na wifi amekaa chini karibu na goti lake, wanafuma. Mama macho yake yamepungua, anafuma kwa vidole. Kitanzi kikidondoka, wifi anakichukua bila kuulizwa, na mama anasema, "Asante, ng'wanone." Mwanangu. Mimi niko hapo hapo nachambua mchicha kwa mkono mmoja.

Siku moja nikauliza, nikijifanya nauliza tu kama kawaida yangu, "Mama, mbona nyekundu siioni?"

Akapapasa blanketi. "Nyekundu ipi?"

"Yangu."

"Uliondoka nayo. Iko wapi?"

Swali hilo nikalikwepa. Kisha nikasema, "Si ungeniachia nafasi."

Mama akacheka, si kwa ubaya. "Nafasi? Huku ni kufuma, si kupanga viti. Ukiacha tundu katikati, kila kilicho juu yake kinashuka. Niliendelea."

Niliendelea. Neno hilo nililala nalo. Kwamba mimi natangatanga, nikidhani nyumbani wamesimama wananisubiri kama picha ukutani, kumbe wanaendelea. Na aliyeendelea nao ni wifi.

Basi ikawa kila kitu chake kinanichoma. Alivyowasha jiko mara moja likakubali. Mbuzi alivyomfuata. Chai yake alivyoisifu kaka, chai ile ile ya majani na tangawizi. Wifi akisema jambo, mimi nasema kinyume. Akisema mvua itanyesha, mimi naanika unga. Ukalowa, na bado nikamlaumu yeye kwa kuitaja. Mama mkubwa, naona unatikisa kichwa. Najua ulikuwepo. Ule ndio unga tulioukaanga tukawapa kuku.

Kilichonimaliza ni spoku. Jumuiya ilikuwa imekutana hapa hapa, baadhi yenu mlikuwepo, na mama akasimama akasema macho yake hayamtoshi tena, na zile sindano za marehemu amempa mkwe wake. Mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa mkono wangu mmoja mzima, juu ya paja. Zile spoku nilikuwepo baba akizinoa. Nilishika jiwe. Nilimuuliza kwa nini ncha moja ni kali kuliko nyingine, akanijibu, "Kwa sababu umenisemesha." Hiyo ni yangu na baba. Ikaenda Bukombe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoangukia.

Mchana mmoja mama na wifi walikwenda mnadani kupekua mitumba. Kaka kazini, watoto shuleni. Blanketi lilikuwa limekunjwa kitandani kwa mama. Nililichukua, nikalitandaza uani juani, na nikaitazama ile kijani. Nikafikiri kama nilivyofikiri mbele ya redio ya baba. Nikasema, hiki ni kipande, na kipande kinatoka. Nitaitoa kijani peke yake, kisha njano niishike na kahawia kwa sindano ya kushonea, nani atajua? Baba atakuwa amekaa na wajukuu wake. Hakuna mtu katikati.

Mnaofuma naona mmeshashika vichwa. Wengine ngojeni.

Nikachukua mkasi wa jikoni nikakata uzi pale kijani inapokutana na njano. Nikavuta. Ukatoka vizuri, unajua uzi ukikubali unavyokuja, trrr, mstari unakwisha unaingia mstari. Upande wa njano ukaachana na wa kijani, ukabaki na vitanzi wazi kama midomo. Sikujali. Nilikuwa navuta. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya mama yangu, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Nilikuwa namtoa mtu kwetu. Kijani ikajaa mapajani, nikafumba macho kabisa, mkono wangu mzima unaenda na kurudi, unaenda na kurudi.

Mama huwa hafungi fundo anapobadilisha uzi. Anausokota wa zamani na mpya pamoja mpaka vidole visijue ulipoishia mmoja ukaanza mwingine. Kwa hiyo hakuna kilichonizuia. Nilipofumbua macho, mkononi mwangu uzi ulikuwa wa kahawia.

Nilikuwa namfumua baba.

Niliacha kuvuta, lakini vitanzi vilikuwa wazi vinaendelea kujiachia vyenyewe. Nikajaribu kuvishika kwa vidole, nikaangusha vingi zaidi. Na uzi wa baba haukuwa kama wa wifi. Ulikuwa mkongwe, umeliwa na jasho na grisi, umeshafumuliwa mara moja baada ya mazishi. Kufumuliwa mara ya pili haukuweza. Ulikuwa unakatika wenyewe, vipande kama majani makavu. Nikawa nimepiga magoti uani, naokota vipande vya baba yangu kutoka kwenye vumbi, kuku wananisogelea wanadhani nimemwaga kitu. Kaburini sikumwahi. Na kile kidogo kilichobaki cha kumgusa nimekivuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyonikuta.

Wifi ndiye aliyetangulia kuingia, amebeba mzigo wa mitumba kichwani. Akautua. Akaangalia kijani yake, akaangalia mkasi. Nilitegemea atapiga kelele, nilitamani apige ili nami nimjibu.

Akasema, "Ungeniambia nikupishe kiti, wifi. Kiti ningekupisha."

"Unajifanya mwema," nikamwambia. "Umekuja na sweta moja ukachukua mama, ukachukua spoku, ukachukua nyumba."

Hapo ndipo upole ukamtoka. "Nimechukua? Kaa hapa jioni moja nafasi yangu, usikilize. Nafuma mimi, anayesifiwa wewe. 'Binti yangu angekuwepo angeuliza hili. Binti yangu anajua dhahabu inavyolala ndani ya jiwe. Binti yangu haogopi gari wala giza.' Kila jioni, wifi. Basi la Geita likipiga honi barabarani sindano zinasimama. Mimi nikichelewa sokoni, hakuna anayesimamisha sindano. Nimekuonea wivu kabla sijaijua sura yako. Nilikuwa naomba usirudi, ili siku moja mama anitazame bila kukutafuta nyuma yangu."

Mama alikuwa ameshaingia, amesimama, haoni vizuri kilichotapakaa. "Mnagombana nini?" akauliza. "Nani ameanika nini hapo chini?"

Mama akainama, akapapasa, akashika uzi. Akausugua kwa kidole gumba. Yeye hahitaji macho kwa sufu. "Huu ni wa baba yenu," akasema. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri cha mnadani, akaanza kukusanya. Hakusema jina langu. Hakuuliza nani. Alikusanya tu, na wifi akakaa akakusanya, na mimi niliyefanya nilikuwa wa mwisho kushusha mkono.

Kama kuna mtu anasubiri niseme mbingu zilifunguka, hazikufunguka. Tulikusanya uzi mpaka kivuli kikahama. Ila katika kuokota kule nililiona jambo ambalo kwa kuuliza kwangu kote sikuwahi kuliuliza. Nilikuwa nimedhani wifi amekaa mahali pangu, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa anafuma kando ya kivuli changu. Wawili tunamgombea mwanamke mmoja, na mwanamke mwenyewe yuko chini anaokota nyuzi.

Jioni nikamuuliza mama kama inatengenezeka.

"Uzi mkongwe hausimami peke yake," akasema. "Unashikizwa na mwenzake. Tutamfuma marehemu pamoja na uzi wenye nguvu, nyuzi mbili kwa sindano moja."

"Uzi gani?"

Akageuka upande aliokuwa amekaa wifi. Wifi akasema, "Kijani si imeshafumuliwa? Marehemu achukue."

Mmeona mambo? Nilitaka kumtenganisha wifi na baba, sasa hata ukija na darubini huwatenganishi. Nendeni mkaangalie baada ya sala ya kufunga, kahawia na kijani zimekumbatiana kila kitanzi. Wifi aliifuma upya, kwa spoku za baba, na kijani iliyobaki kuwa yake peke yake ni nyembamba kuliko kiganja. Alimpa baba yangu zaidi ya nusu ya nafasi yake. Na mimi, msidhani nilipona siku hiyo, nilipoona wamesokotwa pamoja nilisikia wivu tena. Nilisema moyoni, hata hilo amelipata yeye.

Ikabaki kuunganisha kipande cha chini na kile cha njano. Unahitajika mstari mmoja katikati, wa kupita kitanzi cha chini na cha juu, kitanzi cha chini na cha juu. Nikasema nitaufuma mimi, wifi atanielekeza. Nikakimbilia dukani nikarudi na uzi mwekundu mpya unaong'aa.

Mama akaushika, akanirudishia. "Huu ni wa dukani. Sheria unaijua. Uvaliwe kwanza."

"Nitauvaaje uzi, mama?"

"Ufumiwe sweta. Ulivae mpaka viwiko vilainike. Hapa nyumbani."

Hapa nyumbani. Mama yangu hajawahi kuniambia nisiondoke, wala hakuniambia siku ile. Alisema viwiko.

Aliyenifumia ni wifi. Uzi ule mwekundu wa dukani, mama alisema ni plastiki tupu, tukaufanyia kamba ya kuanikia. Wifi akatafuta sufu nzuri kwenye mitumba, akapata hii ya chungwa. Nilimwambia rangi hii naichukia. Akasema, "Naijua, ndiyo maana nimeichagua. Nami nina moyo wangu." Tukacheka siku hiyo kwa mara ya kwanza, tukicheka jambo moja.

Nimelivaa. Alfajiri zile za baridi, na mchana huu wa kuunguza nikiwa na ukaidi. Bega lilirudi taratibu. Kazi yangu humu ndani sasa ni kufumua. Msicheke. Mitumba yote inayoingia nyumba hii naifumua mimi, na katika kutafuta mwanzo wa uzi hakuna anayenishinda, hata mama amekubali. Kufuma nako najifunza, mwalimu wangu ni wifi, ananikosoa mbele za watu na namshukuru baada ya kutembea kidogo nje.

Mara moja miguu iliniita. Tulisikia kuna mahali wamepata kitu kipya, upande wa kwao wifi huko, watu wanamiminika. Nilibeba mfuko wangu bila kuaga. Nikafika Kagongwa, nikakaa mgahawani nikaagiza wali, nikaegemea meza. Nikakitazama kiwiko changu juu ya meza ile. Kigumu bado, kimesimama kama kipya. Nikawaza, nikienda sasa hivi, hili nalo litakuwa ngata. Nikamaliza wali, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi. Wifi alikuwa anafagia uani.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

"Sijasahau kitu."

Akanipa ufagio, akaenda kukoroga uji.

Ndugu zangu, nimalize. Nawashukuru wanawake wa machimboni walioniweka kwenye gari. Namshukuru kaka, aliyefunga mdomo wake hata pale nilipostahili kusemwa. Nawashukuru ninyi wa jumuiya, mlioniletea unga na kunikanda bega, hasa yule aliyeniambia kwa sauti kuwa nina kijicho wakati wengine mlisema kwa kunong'ona. Mama, wewe sina namna. Ulinifundisha kwamba anayerudi hakuti pengo limemngoja, ila akitulia anaweza kupitishwa katikati ya watu.

Funzo langu ni dogo. Usimtoe mtu kwa hasira kwenye kitu ulichomkuta ameshaingia. Hujui uzi wake umesokotwa na wa nani. Na kama una wivu, usiufiche ukaja kukua kama wangu. Mwambie unayemwonea. Huenda naye ana wake wa kukuambia. Mimi bado ninao, sitawadanganya. Hata hivi leo, mtoto wa kaka amejikwaa akamwita mama yake, na nimeumia kwamba hakuniita mimi. Lakini sasa nikiumia nasema, na wifi ananijibu, "Subiri, nami zamu yangu inakuja."

Sasa tazameni. Hiki kiwiko hapa, na hiki. Kimoja kinapitisha mwanga. Mama amevipapasa asubuhi, amesema vimekubali, ule mstari wa katikati sasa upate uzi wake.

Blanketi liko mezani, spoku ziko pale kwa mwenyewe. Mimi ndiye mfumuaji wa nyumba hii, lakini hili siwezi kujifanyia. Wifi aliponifumia alimalizia shingoni, na mwisho wa uzi aliuficha nyuma, hapa chini ya kisogo, mahali ambapo mkono wangu wenye bega bovu haufiki.

Wifi, acha kujifuta macho na kitenge, watu wanatuangalia. Njoo. Uutafute huo mwisho, uvute.